Mume Wangu Alikunywa Chupa ya Shahidi

Shangazi mpendwa, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusoma matatizo ya watu. Naomba unisaidie kabla sijawehuka, maana nina jambo ambalo nikimwambia dada yangu atacheka mpaka alie, nikimwambia bosi wangu atanionyesha mlango, na nikimwambia baba mkwe sijui atafanya nini, na huyo wa tatu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Barua hii niliiandika mara ya kwanza nikaichana, hii ni ya pili, kwa hiyo ukiona naruka huku na huku nivumilie, ndivyo kichwa changu kilivyo siku hizi.

Kazi yangu ni kuchukua sampuli za maji. Najua wengi hawajui kama kuna kazi ya namna hiyo, hata mawifi zangu mwanzoni walidhani nauza maji. Kila mwezi nabeba sanduku la barafu lenye chupa, nashuka mtoni vituo vinne, halafu naenda cha tano bwawani, ambako mji mzima unapata maji yake, na kila kituo naingiza chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka, najaza, nafunika, naandika saa na joto la maji, halafu nakimbia maabara ndani ya saa sita tangu nijaze chupa ya kwanza. Huko wanayachuja, wanayaweka kwenye visahani vya kuoteshea vijidudu, na siku ya pili wanahesabu madoa, kila doa ni kijidudu kimoja cha kinyesi kilichozaana. Mtaani wananiita Mama Chupa na wala sikasiriki, ni miaka minane sasa.

Kituo cha nne kiko kwenye kona ya mto, na bustani ya baba mkwe inaanzia hapohapo, kabichi, nyanya na vitunguu mpaka uchoke kutazama, zote anazimwagilia kwa pampu kutoka mtoni. Nilipoanza kazi nilikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, na baba mkwe ndiye aliyekuwa akinishikia kamba nisiteleze, huku ananiambia, "Taratibu mama, mto haukimbii." Siku moja nikakuta amenichongea ngazi ukingoni kwa jembe lake, bila hata kuniambia. Mimi baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, Shangazi, kwa hiyo mzee huyu nilimshika kwa mikono miwili. Haikupita jioni bila yeye kuchungulia mlangoni kwangu na kuuliza, "Humu hamna chai?"

Basi miezi mitatu iliyopita kituo cha nne kikaanza kutoa majibu mabaya. Raundi ya kwanza mabaya, raundi ya pili mabaya zaidi. Ofisi ikabandika tangazo, kuanzia kona ile kushuka chini, maji yasimwagiliwe mboga. Na utaratibu wetu uko hivi, raundi tatu mfululizo zikiwa chafu, katazo linakaa msimu mzima, lakini raundi ya tatu ikiwa safi, au ikifutwa kwa kasoro isiyojulikana chanzo, tangazo linabanduliwa na hesabu inaanza upya; chanzo kikijulikana, raundi inarudiwa tu na tangazo linabaki. Baba mkwe wakati huo miche yake iko kitaluni, imefika wakati wa kuhamishwa, na mche haujui kusubiri ofisi. Alikuja akalisoma tangazo lote, polepole, akakunja miwani yake, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Nina neno na chupa zako." Tangu siku hiyo hajatia mguu nyumbani kwangu. Akipita anamwambia mwanangu mkubwa, "Msalimie mama yako," na mimi nipo palepale, nasikia, nimeshika sufuria.

Bosi wangu, ambaye ndiye mkuu wa maabara, hajui kwamba bustani ile ni ya baba mkwe wangu. Hakuniuliza, nami sikusema.

Sasa nikueleze kuhusu chupa moja, maana ndiyo chanzo cha yote. Kila safari maabara wananipa chupa iliyojazwa tayari maji yaliyosafishwa mpaka hayana chochote ndani yake. Chupa hiyo tunaiita shahidi. Naenda nayo, kwenye kituo kimojawapo naifungua kwa muda uleule ninaotumia kujaza chupa nyingine, naifunga, narudi nayo, mtoni haiguswi. Kazi yake ni kurudi safi kama ilivyokwenda. Ikirudi chafu, maana yake uchafu umetoka kwangu, mikononi mwangu au ndani ya sanduku langu, na hapo sampuli zote za siku hiyo haziaminiki tena. Miaka minane shahidi wangu hajawahi kurudi mchafu hata mara moja. Nilikuwa najivunia, Shangazi, nakiri.

Raundi ya tatu ilipofika gari la ofisi lilikuwa gereji, bosi akasema nijitafutie usafiri, nikamwomba mume wangu anipeleke kwa pikipiki. Kituo cha kwanza tukamaliza vizuri. Kituo cha pili unashuka bondeni kwa miguu, kwenda na kurudi ni karibu saa nzima, na sanduku ni zito, na jua lilikuwa la kupasua mawe. Sheria inasema sanduku lisitoke machoni pangu. Mimi nikachukua chupa moja tu, nikamwachia mume wangu sanduku pale darajani, nikashuka. Niliporudi nikamkuta anapiga mluzi. Mume wangu akipiga mluzi ujue kuna jambo, lakini siku hiyo hilo halikunijia akilini, nilikuwa nawaza kituo cha nne, nikaenda nikamalizia vituo vyote mpaka bwawani, shahidi nikamfungua kituo cha nne kama kawaida, nikarudi.

Siku mbili baadaye bosi akaniita maabara, akanionyesha kisahani. "Mama Chupa, hiki ni nini?" Nikahesabu mwenyewe, mara mbili. Madoa arobaini na moja, kwenye sahani ya shahidi! Kituo cha kwanza madoa sita, kituo cha nne sahani imejaa haihesabiki, na shahidi, ambaye hajagusa mto wowote, arobaini na moja. Bosi hakufoka, na afadhali angefoka. Alinipa fomu yenye mstari mmoja, "Eleza chanzo cha uchafu wa shahidi," akasema niirudishe kabla ya tarehe thelathini, na mpaka hapo majibu ya raundi yote yanasubiri.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuosha mikono. Usinicheke. Niliosha kwa sabuni, nikaosha kwa brashi ya nguo, nikaosha kwa dawa ya kuulia vijidudu mpaka ngozi ikabanduka. Niliacha kumlisha mtoto wangu mdogo kwa mkono, maana huyo ana mwaka na miezi minane na tumbo linamwendesha mwezi mzima sasa, linatulia siku mbili linarudi, mama mkwe anasema ni magego yanaota, nami nikaanza kuamini kwamba ni mikono yangu inayomdhuru. Kama imeweza kumchafua shahidi, mtoto itamwacha?

Jioni moja mume wangu akanikuta nimeloweka mikono kwenye beseni, nalia. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mama watoto, iache hiyo mikono," akasema. "Si mikono."

"Unajua nini wewe?"

"Siku ile darajani maji yangu yalikuwa yamechemka kwa jua, kama chai. Nikafungua sanduku niyapoze kidogo kwenye barafu. Nikaona kuna chupa imejaa, ya baridi, inatoka jasho. Nikasema hii ni ya akiba."

"Ukamnywa shahidi!"

"Nilikunywa maji. Tena hayana hata ladha, nilidhani ulimi wangu una homa. Halafu ndiyo nikaona ina karatasi imeandikwa, nikashtuka, nikajazia."

"Ukajazia nini?"

"Si haya maji yangu niliyobeba, ya tangi letu? Ya mvua haya, tunayokunywa sote hapa nyumbani. Maji ya mto sikutia, mimi si mjinga."

Shangazi, nilicheka, kisha nikalia, kisha nikamkimbiza na brashi mpaka nje, majirani wakatoka. Wiki mbili alikuwa ananitazama najichuna ngozi na hasemi!

Lakini kesho yake akaja na neno lake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alikaa kitandani, akazungumza taratibu, kama mtu mzima. "Sikiliza, mke wangu. Shahidi amerudi mchafu, hilo ni kweli. Wewe hukumchafua, hilo nalo ni kweli. Andika 'Haijulikani.' Raundi inafutwa, tangazo linabanduliwa, baba anahamisha miche yake, anarudi kunywa chai humu ndani. Nani ameumia?"

Kuna saa naona ana akili, maana shahidi ni mchafu kweli, sikubuni, na raundi yenye shahidi mchafu inafutwa, ndiyo sheria. Halafu saa nyingine najiambia, lakini mimi sasa najua kwa nini ni mchafu, na nikiijua sababu basi labda majibu ya kituo cha nne ni ya kweli, au si ya kweli, maana sanduku lilifunguliwa, au labda hata raundi zile mbili za kwanza niliharibu mimi bila kujua, na baba mkwe ameteseka bure. Nikiandika kweli, itajulikana niliacha sanduku, itajulikana bustani ni ya nani, naweza kufukuzwa, na raundi itarudiwa na mwingine na huenda mto ukakutwa mchafu vilevile, basi kazi nimepoteza na mzee nimempoteza kwa safari moja. Nikiandika "Haijulikani" mzee anarudi. Lakini je, atakuwa amerudi kwangu au amerudi kwenye nini? Na kitu kinachonichanganya kuliko vyote, hata sasa ninapojua kwamba ni mume wangu, mikono bado naiosha.

Niambie Shangazi, neno hilo moja ni uongo au si uongo? Na nifanye nini? Tarehe thelathini inakuja.

Ni mimi, Mama Chupa

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Chupa, marahaba. Mengine baadaye. Kwanza inuka hapo ulipo, chukua sufuria kubwa kuliko zote ulizonazo, bandika maji ya kunywa yachemke, kisha urudi uendelee kusoma. Hukuweka namba ya simu kwenye barua yako, la sivyo ningekupigia siku ileile ilipofika.

Umebandika? Vizuri. Sasa sikiliza.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilicheka, nisamehe, kwa ajili ya huyo bwana aliyedhani ulimi wake una homa. Mara ya tatu nikaacha kucheka. Mumeo amekwambia kwa kinywa chake kwamba alijazia maji ya tangi lenu, yale mnayokunywa nyote hapo nyumbani. Maji hayo yakapelekwa maabara, yakapimwa na wataalamu, yakaonekana na madoa arobaini na moja. Mama Chupa wewe! Unajua kuliko mimi maji ya kunywa yanatakiwa yawe na madoa mangapi. Hata moja ni mengi. Na hapohapo, kwenye barua hiyohiyo, una mtoto anayeharisha mwezi mzima, na nyumba nzima mnasema magego.

Magego gani ya mwezi mzima? Mpeleke mtoto hospitali leo, usingoje kesho, na mwambie daktari kuhusu maji. Kisha panda juu ya tangi ukatazame mfuniko wake na mabomba ya paa, maana ndege na panya hawasomi matangazo. Inawezekana ni tangi, na inawezekana ni hiyo chupa ya mumeo ambayo pengine haijaona sabuni tangu ainunue. Chukua sampuli upime, ndiyo kazi yako. Ukishaichukua, mwage maji, msugue tangi, mtie dawa kwa kipimo unachokijua, na msinywe hata kikombe ambacho hakijachemshwa. Waambie na wakwe zako, kama wanachota humo. Wahenga walisema mganga hajigangi. Miaka minane umepima maji ya mji mzima, tangi la nyumbani kwako hukulipima hata siku moja, kwa sababu eti ni ya mvua.

Kwa hiyo mikono yako iache ipone. Ipake mafuta. Haikumdhuru shahidi na haikumdhuru mtoto. Mlishe mwanao. Hilo nakuambia kwa upole, kwa sababu najua ulivyolia juu ya lile beseni, na mtu asikwambie kwamba ni wazimu. Ulikuwa unatafuta kosa, na mwenye kosa alikuwa kando yako amekaa kimya.

Huyo mwenye kosa ngoja nimwambie mawili. Bwana, kunywa maji ya mkeo kwa kiu si dhambi, hata mimi ningekunywa. Lakini kumtazama mwenzako akijichuna ngozi wiki mbili, na wewe una jibu mfukoni, huo ni ukatili, hata ukiufanya kwa woga. Mficha uchi hazai. Tena baada ya kukiri, ukaja na mpango! Kaa chini, utulie, ukasugue tangi.

Sasa turudi kwenye neno lako. Unaniuliza kama "Haijulikani" ni uongo. Mimi nakuuliza, haijulikani na nani? Mumeo anajua. Wewe unajua. Mimi najua, na leo wasomaji wote wa ukurasa huu wanajua. Mtu pekee asiyejua ni bosi wako, naye ndiye aliyekuuliza. Mama, huo ni uongo, tena umevaa nguo safi.

Na uongo wenyewe haukusaidii. Maji siyajui, kwa hiyo nilimwuliza jirani yangu, mama mmoja mstaafu wa maabara, bila kukutaja. Alinijibu kabla sijamaliza kueleza. Kama uchafu ungekuwa wa mikono au wa sanduku, kituo cha kwanza kingewezaje kutoka na madoa sita? Mikono ileile, sanduku lilelile, siku ileile. Na madoa arobaini na moja hayawezi kujaza sahani ya kituo cha nne mpaka isihesabike. Akasema raundi hiyo irudiwe, ndiyo haki, lakini yeye angekuwa wewe asingeweka matumaini. Pale kwenye kona, Mama Chupa, mto ni mchafu. Na moyoni ulishalijua hilo, ndiyo maana ukaichana barua ya kwanza.

Mumeo anauliza nani ameumia. Nitamjibu. Mzee atamwagilia nyanya na kabichi maji yenye kinyesi, zitakwenda sokoni, watu watazila mbichi, na sahani ya kwanza ataileta kwako yeye mwenyewe kwa furaha, ule wewe na huyo mtoto mwenye tumbo. Na bwawa je? Si maji hayohayo yanashuka huko?

Basi fanya hivi. Nenda kwa bosi wako kabla ya tarehe, usingoje siku ya mwisho kama mtoto wa shule. Mwambie yote mawili, kwamba sanduku uliliacha, na kwamba bustani ya kituo cha nne ni ya baba mkwe wako. Hili la pili uliliandika kwenye barua kwa mistari miwili halafu ukakimbia, nami nimekuona. Umekosea kulificha tangu tangazo la kwanza, na likijulikana kwa mdomo wa mtu mwingine, miaka yako minane haitakutetea. Omba raundi irudiwe na mwenzako, na wewe usiguse kituo hicho mpaka jambo liishe. Utapata onyo? Huenda. Utafukuzwa? Siwezi kukuahidi kwamba hapana. Lakini bosi aliyekupa fomu na siku za kufikiri, badala ya kufoka, naona ni mtu wa kusikiliza.

Tena umwulize swali moja ambalo yule jirani yangu aliniuliza nami sikuwa na jibu. Kituo cha tatu majibu yake yakoje? Hukuandika hata neno. Kama cha tatu ni safi na cha nne ni kichafu, basi kuna kitu kinaingia mtoni katikati ya hapo, bomba, choo, mfereji, sijui. Kitu kinachoingia kinaweza kuzibwa. Na nani anakijua kila kijito na kila shimo la ukingo ule kuliko mzee aliyelima hapo maisha yake yote? Nyinyi nyote mmemletea tangazo. Hakuna aliyemwuliza anachokijua.

Nenda kwake. Usimtume mtoto, usimtume mumeo, na usiende na fomu wala chupa. Najua tangu mwanzo wa barua yako kwamba hofu yako si kazi. Hofu yako ni kwamba umempoteza baba kwa mara ya pili, na ulikuwa tayari kumnunua kwa neno moja. Mwambie hivyohivyo. Mwambie, "Baba, nimekukosa. Mto ni mchafu kweli, na nilitaka kuficha ili urudi nyumbani." Miche yake haitapona kwa maneno hayo, huo ndio ukweli mchungu, msimu huu huenda umekwenda. Pengine atakasirika, akuambie maneno. Usijitetee na usitoe hesabu ya madoa. Akimaliza, mwombe mpande nyote wawili kutoka kona ile mpaka kituo cha tatu, mtembee polepole, akuonyeshe kila kinachoingia mtoni. Akikataa leo, rudi kesho. Akikubali, yeye atangulie, wewe umshikie kamba.